Wakiuliza Nani Kakaanga

Mwanangu Mwantumu,

Marahaba. Najua hujaniamkia leo wala jana, kwa sababu umefungiwa chumbani na wanawake na mimi mlango huo sipiti. Kila nikiukaribia, kungwi wako anatoa kichwa na kuniuliza, "Baba Tumu, umepotea njia?" Nyumba nimeijenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, halafu naulizwa kama nimepotea njia ndani yake! Basi shikamoo yako nimeihesabu kuwa imefika, na nimeshaiitikia.

Naandika nikiwa kwenye kibanda cha jikoni huku nyuma. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na mbele yangu kuna beseni la unga limefunikwa kitambaa. Alasiri imeshaswaliwa. Mawingu yametanda, unga unaumuka kwa kujivuta, na mpaka uumuke mimi sina la kufanya, ndiyo maana kalamu imepata nafasi. Ukikuta doa la mafuta kwenye karatasi usilishangae.

Mambo ya kuishi na mume sikuandikii. Hayo anayo kungwi wako, na kwa vicheko ninavyovisikia huko ndani naona somo linakwenda vizuri. Kuamka mapema, kuwaheshimu wakwe, kutunza nyumba, hayo utaambiwa na kila mwanamke atakayekaa karibu nawe kuanzia leo mpaka wiki ijayo. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile uliloniomba juzi.

Juzi jioni, kabla hawajakufungia, ulikuja hapa hapa jikoni ukaokota kijiti, ukawa unakivunjavunja. Nikajua una neno. Ukasema, "Baba, nina ombi, ila usikasirike." Nikakwambia sema. Ukasema, "Siku ya harusi, watu wa Mlandizi wakiuliza nani kakaanga, asimame Shangazi. Wewe ukae kule mbele na wanaume wenzako." Nikakuuliza kwa nini. Ndipo ukanieleza kwamba mama mkubwa wa mchumba wako Idrisa amesikia baba wa bi harusi anakaanga kalimati, akapiga makofi, akasema mbele za watu, "Makubwa haya! Tunaoa kwa mzee au kwa mama lishe?" Uliposema hivyo ukalia. Mimi nilikwambia tu nenda kapumzike. Ukadhani kunyamaza kwangu ni kukubali.

Sikukubali, Tumu. Jibu langu ni hapana. Nilitaka kulisema vizuri, na kwa mdomo lisingetoka vizuri, kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe ulikuwa na machozi.

Desturi yetu unaijua tangu mdogo. Wageni wa bwana harusi wakishakula vitafunwa, mkubwa wa wanawake wao anainuka na doti ya khanga mkononi, anauliza kwa sauti, "Nani kakaanga?" Aliyekaanga anatoka jikoni vile vile alivyo, na jasho lake na moshi wake, anafunikwa khanga mabegani, anapigiwa vigelegele. Khanga ile hapewi mwenye nyumba wala aliyenunua unga. Ni ya mkono uliokaanga. Sasa mkono utakaokaanga kesho ni huu unaoandika, na wewe unataka niufiche chini ya meza.

Nisikilize basi mkono huu umetoka wapi. Sehemu ya mwanzo ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo na umejaa madoadoa, sidhani kama unaikumbuka.

Ulikuwa hujaanza shule. Ulipata tetekuwanga siku chache kabla ya Idi, mama yako akawa anakupaka dawa ile nyeupe mwili mzima mpaka ukawa kama ukuta uliopigwa chokaa nusu. Siku ya sikukuu watoto wenzako walipita barabarani na nguo zao mpya kwenda uwanjani, kwenye bembea na mapulizo, na kwa wale wanawake wanaokaanga kalimati palepale, unachomewa njiti, unakula huku unatembea. Wewe ulikaa mlangoni na gauni alilokushonea mama yako, unalia kile kilio cha chinichini, ambacho kwangu ni kibaya kuliko cha kupiga kelele. Nikakuuliza unataka nini. Nilidhani utasema bembea. Ukasema, "Nataka kalimati za uwanjani."

Nikasimama niende kukununulia. Ukasema, "Za moto." Kutoka uwanjani mpaka hapa Misugusugu zingefika zimepoa, na wewe ulikuwa mtoto ambaye huwezi kudanganywa. Nikamtazama mama yako. Mama yako na mafuta ya moto hawapatani, unajua. Aliungua akiwa mtoto, na mpaka leo akisikia karai linachacharika anahamia upande wa pili wa nyumba na cherehani yake. Naye akanitazama, akasema, "Baba Tumu, si wewe fundi? Kachanganye."

Nikachanganya kifundi uashi, na hapo ndipo nilipopotea. Mtu wa kujenga ana imani yake moja, kwamba kitu chepesi hakisimami. Zege likitiririka unaongeza saruji, plasta ikiteleza unaongeza saruji. Unga wa kalimati unatakiwa uwe laini, uvutike, uteleze kwenye vidole. Mimi nikauona umenishinda kabla sijaanza, nikaongeza ngano. Nikautazama tena, bado unateleza, nikaongeza nyingine. Kuumuka sikuungojea kabisa, kwa sababu zege huwa hatungoji liumuke, tunamwaga. Mafuta nikayaacha mpaka yakafuka moshi. Zilitoka nyeusi kwa nje na mbichi kwa ndani, na moja iliyoniponyoka ilibiringika mpaka getini bila kupata hata mkwaruzo.

Shira ilikubali, maana sukari na maji hata mwashi hawezi kuviharibu. Nikakuletea kwenye bakuli. Ulichukua moja, ukailamba shira yote, ukanirudishia kalimati mkononi ikiwa kavu. "Baba, nyingine." Ukailamba na hiyo, ukairudisha. Mpaka jioni nilikuwa na bakuli zima la kalimati zilizolambwa, na wewe ulikuwa umeshaacha kulia zamani. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilikasirika. Sikukukasirikia wewe, niliukasirikia unga. Nimewajengea watu nyumba Misugusugu yote hii na kuta zimesimama, halafu kitonge cha ngano kinishinde?

Kesho yake, Idi Pili, nikaenda uwanjani. Sikwenda kununua, nilikwenda kutazama. Kumbe wanawake wanaokaanga hawapendi kutazamwa. Wanaamini jicho la mtu likiingia kwenye karai, kalimati zinakunywa mafuta. Wa kwanza alinifukuza na mwiko. Mwingine akaniuliza, "Kaka, unanunua au una lako?" Nikasogea, nikafika kwa Bi Mosi wa Mbwawa, ambaye wewe ulikuja kumjua ukubwani, yule mwenye sauti ya kukwaruza. Usidhani alinipokea kwa wema. Mkono wake ulikuwa umechoka, msaidizi wake hakutokea, na beseni jingine la unga lilikuwa bado halijapigwa. Akanipima mabega kwa macho, akasema, "Wewe unayeshangaa, njoo upige huu unga. Ukimaliza utashangaa vizuri."

Nikapiga. Akanigeukia kwa ukali, "Unaukanda! Nani kakwambia uukande? Uchote chini, urushe juu, uingie hewa. Huo si ukuta." Kazi yangu sikuwa nimemwambia, ila saruji ilikuwa bado iko kwenye kucha. Nikanawa tena, nikaanza upya. Watu walikuwa wanapita, wanawake wanapigana viwiko, watoto wanacheka, na mimi nimeinama kwenye beseni na shati langu la sikukuu. Nilisikia aibu mwanzoni, nisikudanganye. Halafu unga ukaanza kutoa ile sauti yake ya kupiga makofi, ukaanza kung'aa na kunifuata mkono, nikawasahau wote.

Kuanzia hapo kila sikukuu, ile ya kufungua na ile ya kuchinja, nilikuwa kwa Bi Mosi, mpaka siku moja akaniachia karai. Nikajifunza kuchomeka kijiti kwenye mafuta: kikizungukwa na vipovu vidogo vya kimya, tayari, vikiwa vikubwa vya kelele, toa makaa. Nikajifunza kubana unga kwenye ngumi utokeze juu ya kidole gumba, na kuukata kwa kijiko kilichochovywa mafuta. Na nikaona kwa macho yangu kwamba kalimati iliyoumuka sawasawa inajigeuza yenyewe, wewe unaigusa mgongoni tu. Ya kwanza iliponigeukia nilipiga kelele za mtu aliyeona goli. Bi Mosi akasema, "Kelele zote hizo, na zile zinazoungua pembeni ni za nani?"

Hapo ndipo nilipojenga kibanda hiki. Si kwamba nilikuwa nimeshaiva. Kachori zangu za mwanzo zilipasukia ndani ya mafuta kwa sababu viazi nilivisaga na maji yake. Donati zilifunga matundu zikawa maandazi yaliyokasirika. Visheti nilivitia shira ikiwa bado nyepesi, vikalowana vikawa uji. Nilikula makosa yangu mwenyewe asubuhi na chai, wiki nzima, maana mama yako alikataa kunisaidia. Lakini Idi iliyofuata, ukiwa na gauni jipya, nilikwambia twende uwanjani, ukagoma. Ukasema uwanja uko nyumbani. Nikafunga kamba kwenye mbao za nyumba ya jirani niliyokuwa naijenga, bado haijaezekwa, zikawa bembea. Watoto wa mtaa mzima walikuja. Mama yako alikaa huko mbele akiwafuta shira midomoni na vipande vya kitambaa, mbali na karai.

Sasa nikwambie kitu ambacho watu hawanisamehe, maana sidhani kama umewahi kukielewa. Mwanamume akikaanga kwa shida, watu wanamhurumia. Wanasema maskini, kazi zimekuwa ngumu, anafanyaje. Mimi sikukaanga kwa shida. Kazi za uashi nilikuwa nazo mpaka nyingine nazikataa. Nilikaanga kwa sababu napenda. Napenda harufu ya hiliki ikikutana na tui. Napenda kuona mtoto anajiunguza ulimi na hataki kusubiri. Hilo ndilo linalowakera, kwamba nafanya kwa raha yangu na sina kisingizio cha kuwapa. Mafundi wenzangu waliponiita Mama Kalimati, niliwapelekea beseni zima saiti. Wakala, wakaendelea kuniita Mama Kalimati midomo imejaa. Nikaona basi, jina hilo halina meno.

Laiti ningekuwa hivyo kila mahali. Kuna mahali nilinywea, na wewe ulikuwepo.

Unaikumbuka harusi ya binamu yako kule kwetu Mzenga. Shangazi yako Mwajuma aliniita nikakaange. Ni dada yangu mkubwa, amenibeba mgongoni, kumpinga sikuzoea. Nilipofika akanivuta pembeni, akaniambia, "Shomari, mdogo wangu, hapa si Kibaha. Hapa wazee wapo. Wewe kaanga huko nyuma, mambo ya khanga niachie mimi. Mwanamume na khanga wapi na wapi?" Nikasema sawa dada. Nikakaanga tangu asubuhi nyuma ya nyumba, pamezungushiwa mkeka nisionekane. Wageni wakala. Nilisikia wanavyosifu. Nikasikia mwanamke akiuliza kwa sauti kubwa, "Nani kakaanga?" Na Shangazi yako akatoka na jasho ambalo si lake. Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakatawanyika.

Wewe ukaja nyuma ya mkeka, ukanishika mkono huo huo wenye unga, ukaniuliza, "Baba, mbona Shangazi kachukua khanga yako?"

Na mimi nikakwambia, "Nyamaza. Mambo ya wakubwa hayo."

Shangazi yako si mwizi, usimfikirie hivyo. Baadaye alikuja nyuma akanipa ile khanga, nami nikaikataa, nikamwambia ni yako. Sikuwa nimeikataa kwa ukarimu. Niliikataa kwa sababu ilikuwa inaniuma kuishika. Makosa yangu ya unga nayasimulia watu na tunacheka wote. Hili sijawahi kulicheka. Khanga si kitu, mama yako anazo nyingi. Linaloniuma ni kwamba ulikuja na swali la kweli, swali zuri kabisa, na mimi nikalifunga mdomo.

Kwa hiyo juzi uliposimama hapa na kijiti chako, niliyasikia maneno yangu yanatoka mdomoni mwako. Baba nyamaza, mambo ya watu. Ndiyo maana hasira zangu zilikosa pa kwenda. Nimkasirikie nani? Mtoto kajifunza kwa baba yake, na kajifunza vizuri.

Halafu mama yako akaniambia la pili, ambalo wewe hukuniambia. Kwamba ulipokwenda Mlandizi kuwasalimu, waliuliza kama unajua kukaanga, na ukajibu, "Kidogo tu." Kidogo tu! Wewe, ambaye visheti vyako vinakunjika kwa ndani kama ganda la konokono na havipasuki hata kimoja! Visheti vyako ni vizuri kuliko vyangu. Nimesema, na sitarudia. Umesimama kwenye karai hili pamoja nami sikukuu ngapi, mkono wako una alama ya mafuta pale pale ilipo yangu, halafu unawaambia watu kidogo tu. Uliogopa nini? Kwamba wakijua unajua watauliza umejifunza kwa nani.

Unaona inavyokwenda? Ulianza na mkono wangu, na wako ukafuata bila wewe kujua. Na hujaolewa bado. Mwaka kesho utaficha kitu gani kingine ili watu wa pale wasicheke? Mimi nilianza na mkeka mmoja Mzenga. Niliporudi huku nilikuta nafunga mlango wa kibanda hiki kila wakija wageni wa heshima, mpaka mama yako akauliza kama ninapika gongo. Ilinichukua muda mrefu kuufungua tena huo mlango, na sitaki uje kuhangaika nao na wewe.

Usidhani nina ugomvi na Mlandizi. Watu wale ni wakulima kama sisi wa Mzenga, wana mikono inayojua jembe, na mtu mmoja kucheka si ukoo mzima. Na Idrisa namkubali. Alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, alikula kalimati kimya kimya, kisha akaniuliza kwa aibu kwa nini za kwao zinakunywa mafuta. Nikamwambia mafuta yao hayajapata moto. Akaitikia kwa kichwa, akachukua nyingine. Hakucheka wala hakushangaa. Siku ile ile nilimwambia mama yako huyu kijana nimempenda, na yeye akasema nampenda kwa sababu amekula sana. Vyote viwili ni kweli.

Shangazi yako nimeshazungumza naye. Amefika jana, na nguo ya kusimama nayo keshaichagua. Nikamwambia, "Dada, kesho nasimama mwenyewe." Akanuna. Akasema, "Utamwaibisha mtoto mbele ya wakwe." Nikamwambia mtoto huyu nimemlea na karai hili, akiaibika nalo basi aaibike nikiwa nimesimama, siyo nimejificha. Akainua mkono, nikadhani atanizaba kofi la utotoni. Akasema, "Haya. Vaa kanzu safi basi." Kwa Shangazi yako hiyo ni dua.

Basi sikiliza kitakachotokea kesho, nisije nikakushtukiza. Nitakaanga kuanzia alfajiri. Wageni watakula. Mama mkubwa wa Idrisa atainuka na khanga yake na kuuliza lile swali, na mimi nitatoka jikoni. Nitatoka na kanzu, mikono imekunjwa, unga mpaka kwenye viwiko. Akinipa khanga nitaipokea. Sitaikunja na kuiweka kwapani kama mtu aliyeokota kitu. Nitajifunga kiunoni hapo hapo juu ya kanzu, nimwambie ahsante shemeji, nirudi jikoni, kwa sababu kachori zitakuwa bado ziko kwenye mafuta. Asiponipa, abaki nayo. Atakuwa ameshakula.

Anayetaka kucheka acheke. Nimechekwa na mafundi, nimechekwa na uwanja mzima wa sikukuu, nimechekwa na mama yako, ambaye kicheko chake ndicho pekee ninachokiogopa. Sitakufa kwa kicheko cha Mlandizi.

Na wewe, ukiona aibu, inamisha uso. Bi harusi akiinamisha uso watu wanasema ana adabu, hakuna atakayejua ni kwa nini. Sitakuuliza baadaye. Mimi ni baba yako ukiwa umeinama na ukiwa umeinuka, hilo halibadiliki kwa sababu ya kalimati.

Lakini nisijifanye mpole kuliko nilivyo. Ninataka uinue uso. Ninataka sana.

Unga sasa umeumuka. Nimefunua kitambaa, umejaa mpaka ukingoni, unapumua. Nitakaanga wa kujaribia moto, sahani moja, kwa ajili ya chumba chenu. Nasikia wanawake wa Mlandizi walioleta sanduku lako bado wako humo ndani, na mama mkubwa wa Idrisa yumo, amekaa kitandani karibu nawe. Barua hii mama yako atakupa kwanza. Jifanye unakwenda kunawa, uisome yote. Sahani itafuata ikiwa bado inachacharika.

Watakula. Wakishakula yule mama atauliza, maana hakuna mtu anayekula kalimati hizi asiulize. Mimi siwezi kuingia humo kujibu. Hilo la leo si langu, ni lako. Jibu utakavyo.

Dirisha la chumba chenu liko wazi upande huu wa jikoni. Nitakuwa nageuza visheti, shughuli ni nyingi, wala sitasikiliza.

Uongo. Sahani ikishatoka tu, karai nalishusha chini ili lisipige kelele.

Baba yako,
Shomari